Ndege zikiponea chupuchupu, tusimwangushie mwongozaji jumba bovu

Tangu usiku wa 29 Januari 2025, ndege ya abiria ilipogongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac mjini Washington na watu 67 wakafa, simu zetu hapa Kisumu hazikosi klipu ya ndege mbili zilizokaribia kuvaana mahali fulani duniani. Klipu huja na sauti ya redio inayokwaruza, vijidude viwili vinavyosogeleana kwenye ramani, na chini yake msururu wa hukumu. Mwongozaji wa ndege alikuwa amelala. Mwongozaji alikuwa kwenye WhatsApp. Afutwe, ashtakiwe, anyang'anywe leseni leo hii. Kisha mcha Mungu mmoja huandika kwamba ni mkono wa Bwana uliozitenganisha, watu wanamjibu amina, na gumzo linahamia kwa Gor Mahia.

Nadhani habari hizi tunazisoma kichwa chini miguu juu. Ndege mbili zikipishana kwa ukaribu wa kutisha, na kila abiria akafika kwake akanywa chai, hilo ni onyo lililotolewa bila malipo. Tumeonyeshwa mahali pa kufia kabla hajafa mtu. Sisi tunaligeuza kuwa kashfa au muujiza, na kwa vyovyote vile faili linafungwa. Binafsi, kama msafiri wa Kisumu, sitishwi sana na wingi wa klipu za Marekani. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba habari za aina hiyo kutoka anga letu hazitufikii ila kwa nadra, na zikifika huja kama uvumi wa baa, wakati huu ambapo siasa za kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027 zimeanza kuijaza mbingu ya magharibi mwa Kenya kwa chopa, yaani helikopta. Hoja yangu ni kwamba ripoti za kuponea chupuchupu zinafaa kuwa nyingi kuliko tunavyozoea, zichapishwe wananchi wazisome, na anayeripoti alindwe hata pale ambapo kosa ni lake mwenyewe.

Wengi wetu tunafikiri mwongozaji ni yule jamaa mwenye fulana ya kung'aa anayepunga vijiti ndege ikiegeshwa. Huyo ni mwingine. Mwongozaji hukaa mnarani au kwenye chumba cha rada, na kazi yake kubwa ni kulinda nafasi. Ndege zinazokutana njiani hutenganishwa kwa futi 1,000 kwenda juu, au, zinapoonekana kwenye rada, kwa maili 5 za baharini zikiwa safarini na mara nyingi maili 3 zikikaribia kiwanja. Pasipo na rada, hesabu hufanywa kwa dakika na kwa vituo: hii ipite mahali fulani kwanza, ndipo ile iruhusiwe kushuka. Kila amri hutolewa kwa redio, rubani huirudia, na mwongozaji husikiliza kama kilichorudiwa ndicho alichokisema. Hapo katikati ndipo mambo huharibika. Nambari za safari hufanana kama mapacha. Rubani husikia alichotarajia kusikia. Watu wawili hubonyeza kitufe kwa pamoja na sauti zikakanyagana. Kule Washington wachunguzi walieleza kwamba maneno ya kuwaagiza marubani wa helikopta wapite nyuma ya ndege ya abiria huenda hayakuwafikia, kwa kuwa wakati huohuo kitufe cha redio yao kilikuwa kimebonyezwa. Kilibonyezwa kwa muda usiotimia sekunde moja.

Wapo watakaouliza, kwani marubani hawana macho? Wanayo, lakini jicho angani ni chombo dhaifu kuliko tunavyodhani. Mwongozo unaotumiwa na mamlaka ya anga ya Marekani hukadiria sekunde 12.5 kuanzia rubani aone kitu hadi ndege yake ianze kweli kukikwepa. Chukua ndege ndogo ya mafunzo inayokwenda kilomita 180 kwa saa na ndege ya abiria ya mapangaboi inayokwenda 300, zinaelekeana. Katika sekunde hizo zitakuwa zimekula zaidi ya kilomita moja na nusu kati yao. Kwa umbali huo, Cessna yenye mabawa ya mita 11 ni punje ya mchele iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Na kuna ubaya mwingine: kitu kilicho katika njia ya kukugonga hakisogei kwenye kioo chako. Kinachopita kushoto au kulia hujionyesha kwa mwendo wake, lakini kinachokuja moja kwa moja hukaa palepale kama uchafu wa mdudu kwenye kioo, kisha ghafla kinajaa dirisha zima. Asubuhi ya 5 Machi 2024, ndege aina ya Dash 8 iliyotoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44 iligongana na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa ndani ya ile Cessna walianguka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kufa. Ilikuwa mchana kweupe, kando ya kiwanja chenye mnara.

Ndiyo maana ndege kubwa ziliwekewa mtambo unaoitwa TCAS. Mitambo ya ndege mbili husikilizana yenyewe kwa yenyewe, bila kupitia kwa mwongozaji, na ikiona zinaelekea kugongana humwamuru rubani mmoja apande na mwingine ashuke. Mtambo huu umeokoa maisha, sina ubishi. Lakini historia yake ndiyo somo langu hasa. Tarehe 31 Januari 2001, karibu na ghuba ya Suruga nchini Japani, mwongozaji aliyekuwa mafunzoni alichanganya nambari za safari mbili za shirika moja, 907 na 958. Alimwambia 907 ashuke, ilhali aliyekusudia kumshusha alikuwa 958. Mtambo ukamwambia 907 apande. Rubani akafuata sauti ya binadamu, huku mwenzake wa 958 akishuka kwa amri ya mtambo, na ndege mbili zenye watu 677 zikawa zinashuka pamoja. Ziliokolewa na macho na mikono ya marubani dakika ya mwisho. Watu wapatao 100 waliumia, wengine kwa kurushwa hadi darini. Hakufa hata mmoja.

Swali ambalo tukio lile liliuliza lilikuwa rahisi kama la mtoto: mtambo ukisema panda na binadamu akisema shuka, anayetiiwa ni nani? Miezi 17 baadaye dunia ilikuwa bado haijakubaliana jibu lililo wazi kwa wote. Usiku wa 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, kusini mwa Ujerumani, Tupolev ya Urusi iliyojaa watoto waliokuwa wakienda likizoni Uhispania ilikutana na Boeing 757 ya mizigo. Mwongozaji mjini Zurich aliwaambia Warusi washuke. Mtambo wao ukawaambia wapande. Wakamtii binadamu. Boeing nayo ilikuwa ikishuka kwa kuutii mtambo wake. Walikufa watu 71. Baada ya hapo ndipo kanuni za kimataifa zilipoandikwa kwa lugha isiyo na mwanya: mtambo ukishaamuru, rubani aufuate mtambo. Yaani kosa lilelile, kwa mpangilio uleule, lilikuwa limekwisha kujitokeza mbele ya watu 677 walio hai ambao wangeweza kulisimulia, na likasubiri watoto wale wa Tupolev, waliotoka mji wa Ufa, ndipo lisikike.

Huku kwetu ramani ina tabia zake. Kiwanja cha Kisumu kiko kando ya ziwa, karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari. Cha Eldoret kiko juu ya nyanda, karibu futi 7,000, na kati ya viwili hivyo hakuna kilomita 100 ukipima kwa kamba, huku safu ya Nandi ikisimama katikati kama ukuta. Alasiri, joto la ziwa likipanda na upepo ukigonga milima, mawingu ya radi hujengeka mbele ya macho yako, na kila rubani anaomba kuikwepa dhoruba ileile kupitia mwanya uleule wa anga safi. Anayetazama ramani anaona uwanda mpana. Anayetazama wingu anaona mlango mmoja. Nje ya eneo linaloongozwa na minara kuna viwanja vidogo, Kabunde kule Homa Bay, Lichota kule Migori, na vingine ambapo rubani hutangaza mwenyewe redioni kwamba anakaribia, akitumaini aliye karibu yuko kwenye masafa yaleyale na anasikiliza.

Halafu kuna chopa. Msomaji wa Nairobi huenda asielewe uzito wa neno hili magharibi mwa Kenya. Hapa mazishi ya Jumamosi bila helikopta kutua kwenye uwanja wa shule ya msingi, watoto wakiikimbilia na maturubai ya hema yakipeperuka, huonekana kama mazishi ya mtu mdogo. Mheshimiwa mmoja anaweza kugusa Ugunja, Mumias na Kisii kabla ya jua kuzama. Oktoba 2025, mwili wa Raila Odinga ulipoletwa Kisumu tarehe 18 kuagwa uwanjani Mamboleo na kuzikwa Bondo siku iliyofuata, tuliona kwa macho yetu jinsi anga la Nyanza linavyoweza kujaa kwa saa chache. Siku ile kila mtu aliitarajia, na mipango ilifanywa. Kampeni ni jambo jingine. Zitakuwa siku kama ile kwa vipande vipande, kila wikendi, bila ratiba moja inayojulikana, na chopa zikiruka chini kabisa, mahali ambapo TCAS haina msaada mkubwa. Mtambo huo ukiwa karibu na ardhi, chini ya futi 1,000 hivi, huacha kutoa amri za kukwepa. Hauioni ndege ambayo transponda yake, yaani kifaa kinachoitambulisha ndege kwa mawimbi, imezimwa. Ndege nyingi ndogo hazina mtambo wenyewe.

Katika hoja zinazotolewa dhidi ya wasiwasi huu, iliyo dhaifu kupita zote ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba anga ni pana na ndege zetu ni chache, hapa si London. Nimeisikia kwa watu wenye digrii. Ingekuwa na maana kama ndege zingetawanyika hovyo kama kunguru. Hazifanyi hivyo. Zinapita njia zilezile, katika miinuko ileile ya futi, zikielekea barabara ileile ya kutua, na vyombo vya setilaiti vimezifanya zishike mstari kwa usahihi wa mita. Zamani rubani mmoja alikosea kidogo kulia na mwingine kidogo kushoto, na makosa yao yakawapisha. Siku hizi wote wako katikati ya mstari. Tarehe 29 Septemba 2006, juu ya msitu wa Amazon, mahali ambapo ungeweza kuruka muda mrefu usimwone mwenzako, Boeing 737 ya Gol na ndege ndogo ya kifahari aina ya Legacy, zote mpya, zilikutana uso kwa uso kwenye futi 37,000. Transponda ya Legacy ilikuwa haitoi mawimbi, na waongozaji walidhani ndege iko mwinuko mwingine. Bawa la Legacy lililikata la Boeing. Watu 154 walikufa msituni; saba wa Legacy walitua wakiwa hai. Kama upana wa anga ungekuwa kinga, hakuna pahali palipokuwa na kinga kuliko pale.

Hoja ya adhabu inahitaji heshima zaidi. Wenye kuitoa wanasema mwongozaji ameshika roho za watu mia mkononi mwake, analipwa kwa ajili hiyo, na ukimwondolea hofu umemwondolea umakini. Wanasema pia kwamba maskini akikosa huadhibiwa, kwa nini mtaalamu asamehewe? Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Mwongozaji aliyekuja kazini mlevi, au aliyeacha kiti chake akaenda zake, mahali pake ni mahakamani, na hakuna mfumo wa maana duniani unaomlinda mtu wa namna hiyo. Lakini makosa mengi hayafanani na hayo. Hufanywa na mtu mwangalifu, akiwa macho makavu, katika sekunde ambayo kazi ilimzidi, na hofu haimzuii mtu kusahau. Inachomfunza ni kunyamaza.

Nina jirani huku Riat, mzee aliyestaafu kazi ya kuongoza ndege, na kituo alichofanyia sitakitaja. Siku moja tukinywa chai barazani kwake, ndege ya saa kumi ikishuka juu ya ziwa, alipanga vizibo vya soda mezani kunionyesha jinsi walivyofanya enzi zao. Kila ndege ilikuwa na kikaratasi chake chembamba ndani ya kishikizo cha plastiki, kimepangwa ubaoni kwa mwinuko, na ulipompa rubani mwinuko mpya ulikata ule wa zamani kwa kalamu, hukuufuta kamwe. Alisema alasiri moja simu kutoka kituo jirani ililia. Simu ilikuwa nyuma ya kiti, kwa hiyo kuipokea ulilazimika kuupa ubao mgongo. Alipogeuka tena alimpa rubani wa pili mwinuko ambao wa kwanza hakuwa ameuachia. "Rubani mwenyewe ndiye aliyeniuliza, jaduong', thibitisha," akaniambia, akicheka kwa kujionea huruma, "basi nikameza mate yaliyokuwa yamekwisha kauka." Akaitengua amri ile. Nikamuuliza kama aliandika ripoti. "Omera, nina watoto watano shuleni, niandike nini?" Miezi baadaye mwenzake wa zamu nyingine alifanya kosa lilelile, simu ileile ikilia, mgongo uleule umegeuka. Hakuandika naye. Simu ilikuja kuhamishwa mbele miaka kadhaa baadaye, wakati jengo lilipopakwa rangi.

Simu ile ndiyo makala yangu yote. Ungemfuta kazi mzee yule, na aliyemrithi angekaa kwenye kiti kilekile na kuupa ubao mgongo kila simu ilipolia. Mashtaka hayakuwa na uwezo wa kuihamisha simu. Ripoti ilikuwa nao. Na ukitazama Überlingen utaona simu za namna hiyo kila kona: usiku ule mwongozaji alikuwa peke yake akihudumia skrini mbili kwa sababu mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika, jambo ambalo wakubwa walilijua na kulivumilia kwa muda mrefu. Tahadhari ya kuonyesha ndege zinazokaribiana ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Laini kuu ya simu pia ilikuwa imezimwa, na waongozaji wa Karlsruhe, Ujerumani, walioona hatari kwenye rada yao, walipiga simu Zurich bila kupata. Umma ulimwona mtu mmoja tu. Mwaka 2004 baba aliyempoteza mke na watoto wawili alimfuata mwongozaji yule nyumbani kwake na kumuua. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani mameneja wanne wa kampuni ile ya kuongoza ndege, na kwa maoni yangu hapo ndipo lawama ilipofika karibu na anwani yake. Wajapani walikwenda njia nyingine: waongozaji wawili wa Suruga walishtakiwa, wakaachiliwa, kisha wakatiwa hatiani hadi Mahakama ya Juu kuthibitisha mwaka 2010. Sheria ilitendeka, sawa. Lakini jiweke kwenye kiti cha mwongozaji kijana wa Tokyo siku iliyofuata, aliyekosea na ndege zikapona bila mtu kujua. Angeinua mkono?

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa njia chungu. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA iliyokuwa ikikaribia kiwanja cha Dulles iligonga mlima na kuua watu 92, baada ya rubani kuelewa vibaya ruhusa ya kushuka. Uchunguzi ukafichua kwamba wiki sita kabla, ndege ya United ilikuwa karibu kuingia mtego uleule, na kampuni ikawaonya marubani wake yenyewe. Wa TWA hawakuambiwa. Ndipo mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa kupokea ripoti za siri, na ulipowekwa ndipo panaponivutia: haukuwekwa kwa mamlaka inayotoa leseni na adhabu, uliwekwa NASA, watu wa anga za mbali wasio na mamlaka ya kumfuta rubani wala mwongozaji. Unaandika kosa lako, wao wanafuta jina lako, na ukiandika ndani ya siku 10, na kosa halikuwa la makusudi wala jinai, unakingwa na adhabu ya leseni. Mwenye kupokea siri hana rungu.

Hapa lazima niipinge hoja yangu mwenyewe kidogo, kwa sababu Washington inaipinga. Wachunguzi wa ajali ile ya Potomac walipofungua kumbukumbu za kiwanja cha karibu walikuta kwamba kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024 kulikuwa na matukio 15,214 ya ndege za abiria na helikopta kukaribiana chini ya maili moja ya baharini kwa upande na chini ya futi 400 kwa mwinuko. Katika hayo, 85 yalikuwa ya futi chini ya 1,500 kwa upande na chini ya 200 kwa mwinuko. Takwimu zilikuwepo. Zililala kwenye kompyuta, njia ya helikopta ikabaki ilipokuwa, na usiku wa msiba mwongozaji mmoja alikuwa amebeba kazi ya helikopta pamoja na ya ndege zinazotua. Kwa hiyo kuripoti peke yake hakutoshi. Ripoti isiyo na msomaji ni karatasi ya kufungia njugu. Ndiyo sababu nasisitiza kuchapisha: faili likiwa ndani ya ofisi, mwenye kulisoma ni yule ambaye likisomwa litamsumbua. Likiwa nje, mwandishi wa habari, chama cha marubani, mbunge wa upinzani na hata mwalimu wa hesabu wa Maseno anaweza kuuliza mbona mahali fulani panajirudia.

Kenya si mgeni wa kanuni hizi. Viambatisho vya mkataba wa Chicago wa 1944 vinahesabu ndege kukaribia kugongana hadi mmoja akalazimika kukwepa kuwa tukio kubwa linalostahili uchunguzi, na vinasema shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali, kulaumu hakumo. Vinataka pia kila nchi iwe na njia ya watu kuripoti kwa hiari. Tatizo letu ni nani anashika kikapu. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ndiyo inayotunga na kusimamia kanuni za anga, na ndiyo hiyohiyo inayowaajiri waongozaji walio mnarani. Sisemi ina nia mbaya. Nasema hata malaika angepata tabu kuandika barua ya kujishtaki na kisha kuipokea. Tunayo idara ya kuchunguza ajali za ndege, AAID, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi, isiyotoa leseni wala mshahara wa mwongozaji. Ripoti za siri zikipelekwa huko, zikifutwa majina na kuchapishwa kila baada ya miezi mitatu, gharama yake ni maafisa wachache na tovuti. Wanaosema uchapishaji utawatia abiria hofu na kuua biashara wanamkadiria abiria chini. Anayepanda matatu ya Kisumu kwenda Busia anajua fika hatari za barabara ile na anapanda. Kinachomkimbiza mteja ni kugundua alifichwa.

Na chopa? Katika jambo hili sioni haja ya kusubiri utafiti. Kila helikopta ya kukodi inayoingia magharibi wakati wa kampeni iwe na transponda iliyowashwa tangu kupaa hadi kutua, iwe na masafa mamoja ya redio yanayojulikana kwa viwanja vyote visivyo na mnara, na rubani wake awe na haki ya kumwambia mkubwa aliyekaa nyuma kwamba hatuwezi kukatiza mbele ya barabara ya kutua ya kiwanja cha Kisumu ili tuwahi mkutano wa Ahero. Haki hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Rubani anayesema hapana leo huenda kesho asikodiwe, na ripoti ya siri ndiyo kinga pekee niliyoiona ambayo ingemwezesha kusema kilichotokea bila kupoteza mkate wake. Ikiwa itahitajika sheria mpya ya kulinda wanaoripoti, italazimika kupita bungeni, kwenye kamati ya uchukuzi, mbele ya waheshimiwa ambao Jumamosi hiyohiyo watakuwa wamekaa kiti cha nyuma, wakimgonga rubani begani na kumwonyesha saa.